Mahindi ya Baba Kwenye Simu

Gemu la shamba lilipoingia Dongobesh tulipagawa wote. Sisi watu wa jembe, tunaoamka na matope na kulala na matope, tukaanza kulima na kwenye simu, kana kwamba shamba la kweli halitutoshi! Kabichi la gemu lile, linalotabasamu, likachorwa kwenye madigadi ya bodaboda. Fundi cherehani akalidarizi kwenye gauni la kipaimara. Kinyozi akabuni mkato wa nywele akauita "matuta". Muziki wa gemu ulilia kanisani katikati ya mahubiri, na mchungaji, badala ya kukemea, alipapasa mfuko wake mwenyewe kwanza. Ukikutana na mtu sokoni, mkishamaliza shikamoo na marahaba, anakuuliza shamba linaendeleaje, na wewe inabidi umuulize lipi.

Baba nilimwekea mimi, na sijutii hata chembe. Alilima vitunguu saumu maisha yake yote mpaka nyonga ikamgomea. Akagawa mashamba kwa kaka zangu wanne, kama desturi yetu ilivyo, mabinti hatumo, kisha akakaa kwenye kiti barazani na kunyamaza. Miaka miwili ya "ndiyo" na "hapana". Iliniuma sana. Nikampa simu yangu ya zamani, nikamwonyesha pa kugusa.

Loo, mzee alifufuka! Wiki ya kwanza aligoma kupanda chochote kwa sababu mvua hazijaanza. Nikamweleza kwamba kwenye simu hakuna msimu, akanitazama kwa huruma. Gemu linakuruhusu kuingia shamba la rafiki na kumsaidia palizi au mavuno, lakini baba hakuweza kuingia shamba la mtu hivihivi. Aliinuka na nyonga yake mbovu, akajikokota mpaka kwa jirani, akabisha hodi, akanywa chai, akaomba ruhusa ya kung'oa magugu matatu ya kwenye simu, ndipo akarudi kuyang'oa akiwa nyumbani. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Basi daktari akapanga siku ya kumfanyia baba upasuaji. Akiikosa, angesubiri tena mwaka mzima, na maumivu yalikuwa hayamwachi hata akae vipi. Gari lingekuja saa tatu asubuhi. Baba akasema haendi.

"Mahindi yanaiva siku hiyohiyo," alisema. "Ikifika saa sita hayajavunwa, yananyauka."

"Baba, nitakuvunia mimi."

"Peke yako? Shamba lote lile? Kwa kidole kimoja?"

Kaka zangu wakaja kumbembeleza, wakakasirika, wakaondoka. Mimi niliogopa, maana namjua, akisema hapana ni hapana.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alibandika sufuria kubwa la makande, akamwambia baba, "Ita watu."

Kwetu shamba likikuzidi unaita majirani waje kuvuna, na wewe unawalisha. Asubuhi ya safari walikuja kumi na wanane, wazee kwa vijana, simu mkononi. Bibi mmoja alikuja na jembe, kwa mazoea tu. Waliketi uani, baba akawagawia mistari: "Wewe anzia kisimani. Wewe fuata uzio. Taratibu, msinikanyagie karoti!" Wakabonyeza huku wakiimba, na mzee mmoja aliyeishiwa bando akapewa kazi ya kuongoza wimbo. Saa mbili na nusu hapakubaki hata hindi moja. Jirani yetu akamshika baba mkono, akasema, "Umevuna vizuri, mzee." Tangu agawe mashamba hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Baba alilia mbele ya watu wote, nami nikalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Gari likapiga honi. Kaka zangu, waliokuwa wamerudi kumsindikiza, wakambeba mpaka kiti cha mbele. Kabla mlango haujafungwa aliniita, akaniwekea simu kiganjani.

"Shamba hili ni lako," alisema kwa sauti, ili kaka zangu wasikie. "Si la kunitunzia. Ni lako."

Kaka zangu waliangua kicheko. Mimi nilipiga kigelegele kuku wakatawanyika uani. Nina miaka arobaini na moja, na hilo ndilo shamba la kwanza baba yangu kunigawia.

Alirudi baada ya wiki mbili, anatembea kwa fimbo moja, akanyoosha mkono apewe simu. Nikamwambia kwetu mtu akishagawa shamba hadai tena, yeye mwenyewe anajua. Akacheka mpaka akashika kiuno, akaomba kipande kidogo tu cha kulima. Nikampa. Siku hizi akitaka kupanda kitu ananiuliza kwanza, na mimi namchelewesha kidogo kumjibu, kwa raha tu.