Mboga za Kuongeza Damu

Kazi ya kuzibua mitaro haina shukrani, jamani. Ukipita watu wanaziba pua, usipopita wanakulaani mvua ikinyesha. Mzee Sepetu, kama mtaa mzima ulivyomwita, aliifanya tangu ujana mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Alichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima, ni ule ulioingia mifupani ukaweka makazi.

Faida yake ilikuwa tope. Mtaro uliopita nyuma ya mafundi wa betri ulitoa tope jeusi, laini, zito kuliko lingine lote, na wazibuaji waliligombea, maana kwao weusi ndio mbolea. Yeye alilianika kando ya barabara, likikauka analijaza kwenye kiroba na kulibeba begani hadi uani kwa mkewe. Na kweli, mchicha ulistawi ukakaribia kufika kiunoni.

"Wenzangu wanaletewa khanga, mimi naletewa tope," mkewe aliwaambia majirani, wakacheka wote.

Walikuwa wakimlea mjukuu, binti mdogo ambaye bibi alimwita mke mwenza kwa jinsi alivyomganda babu yake. Mtoto akaanza kupauka. Tumbo linauma, mchezo hautaki, ukimwita anachelewa kugeuka. Bibi akasema kapungukiwa damu, na nani asiyejua kwamba damu huongezwa na mboga za majani? Akapewa mchicha mchana, jioni tena. Akikataa, babu humbembeleza: "Kula, mchumba wangu. Usipokula utaniacha mpweke." Basi anakula. Akazidi kupauka, nao wakazidi kumjazia sahani.

Hospitalini daktari alimpima damu, majibu yalipotoka akauliza kazi ya babu, kisha akauliza kuhusu bustani. Akavua miwani.

"Mzee, damu ya mtoto ina risasi, madini yenye sumu. Inatoka kwenye betri, inaingia mtaroni, inatulia kwenye tope. Haionekani, hainuki. Asile tena mboga zile, wala asichezee udongo ule."

"Atapona?"

"Damu tutaitibu. Ila risasi ikishagusa akili ya mtoto, mzee wangu, hapo siwezi kukuahidi kitu."

Walirudi nyumbani. Mzee hakuketi wala hakunywa maji. Alichukua sepetu akaanza kung'oa, tuta baada ya tuta, machozi yakimtoka naye hayafuti.

"Na udongo?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nao unaondoka."

"Utaupeleka wapi, baba? Kwa watoto wa nani?"

Sepetu ikasimama. Maisha yake yote alikuwa akitoa tope hapa na kulimwaga pale.

Mtoto akaja polepole, akamshika suruali. Alitazama mchicha uliolala chini, kisha akamtazama babu yake.

"Babu, usiung'oe. Sitakataa tena. Nitakula wote."