Kuburuta Jina kwa Glavu

Mtengeneza programu wa zahanati yetu ni mzito wa maneno, mwepesi wa kidole gumba. Kila asubuhi anaijaribu programu yake: anafungua foleni ya wagonjwa kwenye tableti, anagusa jina la mwisho, analiburuta hadi juu na kuliachia. Kisha anafunga ukurasa na kuufungua tena, aone kama limekaa. Huwa limekaa. Juzi muuguzi wa mapokezi alimwambia, "Dada, kwako linapanda. Mimi nikimpandisha mtoto mwenye degedege, jina linaniponyoka njiani." Hakubisha wala hakununa. Aliitazama mikono ya muuguzi iliyovaa glavu, akaomba jozi yake. Siku tatu amefanya kazi nazo, akiirekebisha programu. Hata chai alikunywa nazo, tukamcheka. Leo jina limepanda bila kuponyoka. Akamsogezea muuguzi tableti. "Sasa jaribu na zako, zikiwa zimelowa."