Viatu vya Theluji Kwenye Mto wa Mchanga

Mpaka leo sijui kama vile viatu ni vizuri au ni vibaya.

Nilivipata soko la Migwani, chini ya rundo la jaketi nzito za mitumba. Kila kimoja kirefu kama mkono wangu, fremu ya bomba jepesi, katikati plastiki ngumu, mikanda ya kufunga, na chini meno ya chuma.

"Hii ni nini?" nikamuuliza mama wa mitumba.

"Wewe ndio umesoma."

"Niliachia kidato cha pili."

"Basi umenizidi. Chukua, nimechoka kuulizwa."

Nikavipiga picha, nikatafuta kwa simu. Simu ikasema ni viatu vya kutembelea juu ya theluji, mtu asizame. Theluji sijawahi kuona, ingawa huwa naiota. Lakini kuzama nakujua, kwa sababu kati ya kwetu na kwa dada yake susu kuna mto wa mchanga.

Susu ni nyanya yangu. Huo mto karibu mwaka mzima hauna maji juu, ni mchanga tu, unaomeza mguu mpaka juu ya kifundo. Tangu magoti yake yaharibike, susu hajavuka. Dada yake naye magoti ni yale yale. Wamekuwa wakitumiana salamu kupitia kwangu, na kila salamu inafika imepungua, maana mimi husahau.

Nilivijaribu mwenyewe kwanza. Kwenye mchanga mkavu vilinibeba vizuri kabisa. Karibu na visima vya kuchota maji, penye mchanga mbichi, vikawa vizito, na nyuma vilinirushia mchanga mpaka shingoni. Kwenye mawe ya ukingo niliteleza nikaanguka, punda wa watu akinitazama.

"Umerudi na miguu yote?" susu akauliza.

"Yote, susu."

"Basi nifunge."

Tukavuka. Alitembea miguu imeachana, leso kiunoni, akihesabu hatua kwa Kikamba, na katikati ya mto akaniachilia mkono. Sikujua nifurahi au nimshike. Dada yake alikuwa amesimama ng'ambo.

"Wewe, umevaa vitanda?" akasema. Halafu wakashikana wakalia, nami nikalia, na sikujua ninalia nini.

Wakati wa kurudi susu akakataa kuvivaa.

"Hivyo vinabaki hapa."

"Sasa utavuka na nini?"

"Na wewe."

Nikamvusha nimemshika kwapani, tukipumzika kila baada ya hatua chache, yeye akilaumu magoti, mimi nikilaumu kichwa changu. Viatu vya kumvusha vipo, na tumeviacha.

Tulipofika ukingoni akaniuliza, "Kitu cha mtu kikibaki kwako, unafanya nini?"

"Unakirudisha."

"Mikono mitupu?"

Nikatikisa kichwa. Jumapili baada ya kanisa nikamwona dada yake akija juu ya mchanga, taratibu, miguu imeachana, kiondo cha pojo mgongoni. Walikaa mpaka chai ikaisha mara mbili. Kisha akaviacha viatu mlangoni kwetu, akaninyooshea mkono nimvushe.

Sasa susu anachambua kunde za kupeleka. Kwa hivyo ukiniuliza kama viatu vinafanya kazi, sijui nikujibu vipi. Vinafanya kazi ya kwenda. Ya kurudi ni mimi.