Simu Iliyokuwa Ikiita Ndani ya Friji

"Mimi hiyo sentensi siisemi," nilimjibu bosi. Maikrofoni ilikuwa wazi, studio nzima ikasikia.

Kazi yangu ni sauti. Yule kindi wa katuni anayesema "Ngoja nijaribu!" mpaka majirani wanachoka, ni mimi. Mama mtu mzima, nina diploma ya utangazaji, nabana pua, nalipwa.

Kwa ajili yake watoto wamejaribu kuogelea, wamekula mboga walizokuwa wakizitema, wamemsalimia mgeni darasani. Sikuwahi kuwa na ugomvi na Kindi wangu.

Ila siku hiyo walitaka aseme "Ngoja nijaribu!" ili ajue kama taa ya friji huzimika mlango ukifungwa. Anatoa rafu zote, anaingia, anajifungia. Giza. Anacheka. Anatoka.

Nikasema mtoto akiona hivi atajaribu. Bosi akaniambia nimezidi woga, watoto si kasuku, wanajua katuni ni katuni. Mchoraji wetu, kaka mpole asiyependa kesi, akajifanya anachonga penseli.

"Na kwa taarifa yako," bosi akamalizia, "rasimu ya video nimewatumia majumbani kwenu tangu asubuhi. Mdogo wako kanijibu mwanao anairudia tu."



Binti yangu tunamwita Mkaguzi. Yuko darasa la kwanza, na nyumbani hakuna chenye mfuniko ambacho hajakifunua. Na friji yetu ni ya kurithi, zile za zamani zenye kitasa cha chuma. Mlango ukigonga umejibana, na kwa ndani hakuna pa kushika.

Nikampigia mdogo wangu, ndiye anayeshinda naye. Simu ikaita mpaka ikakata.

Nikapiga tena. Ikaita, ikakata.

Sikuaga mtu. Nilikuja kujikuta juu ya pikipiki, hedifoni za studio shingoni, waya unapepea. Dereva akaniuliza kama mimi ni fundi redio. Nikamwambia aangalie barabara.

Mdogo wangu nilimkuta uani anaanika nguo. Akashangaa, mbona dada mapema hivi. Mtoto? Yupo ndani, amemwachia simu atazame katuni.

Nikaingia jikoni.

Maziwa sakafuni. Mayai sakafuni. Nyanya zimepangwa mstari kama zinasubiri daktari. Rafu zote za friji zimeegemezwa ukutani, vilevile kama Kindi alivyozipanga.

Mlango wa friji umefungwa.

Sijui kwa nini nilipiga simu tena. Mkono ulijipigia wenyewe.

Ikaita ndani ya friji.

Kile kitasa nilikivuta hivi kwamba nusura friji nzima inilalie.

Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na simu tu, imeegemezwa kwenye bakuli la mabaki ya jana.

"Mama, umenikatia video."

Alikuwa nyuma yangu, mikono kiunoni. Alikuwa anarekodi aone taa ikizimika, na mimi kila akianza nampigia, inakatika. Nikamuuliza kwa nini hakupokea.

"Simu ilikuwa kazini."

Nilikaa chini palepale, katikati ya mayai. Mdogo wangu akaja mbio, akatutazama, akaanza kucheka, na mimi nikacheka naye. Kumbe bosi alisema kweli. Mtoto si kasuku. Nikamuuliza nani kamfundisha kutanguliza simu.

"Si Kindi? Siku ya daraja bovu alivingirisha boga kwanza."

Kweli kabisa. Kipindi kile sauti niliitia mimi mwenyewe, nikakisahau. Nilikuwa nishatoa simu yangu nimpigie bosi nimwombe radhi.

Mkaguzi akaitoa ile ya ndani ya friji. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. "Haijaumia," akasema, akamkabidhi mama yake mdogo.

Kisha akavua ndala.

"Sasa zamu yangu."

Nilimdaka mguu mmoja ukiwa tayari ndani.

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa. Simu haihitaji nafasi yote ile. Rafu alizitoa kwa ajili yake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka tena. Nikamkalisha mapajani, nikamshika uso anitazame.

"Simu haipumui. Wewe unapumua. Hewa ya humo ikiisha na mlango haufunguki, hutoki."

Akaniuliza, "Mbona Kindi alitoka?"

"Kindi amechorwa."

Akauliza kama watoto wengine wanajua hilo.

Nikamwambia avae, tunarudi kazini.

Kwetu sauti hutangulia, mchoro hufuata. Ile rasimu ni penseli tu. Mdomo wa Kindi huchorwa ukifuata nilichotamka mimi, na watoto wanamjua kwa sauti hii, si nyingine. Bosi alianza kuuliza nilikuwa wapi. Nikampita, nikaingia chumba cha sauti, nikajifungia, nikampa mchoraji ishara awashe mitambo. Akawasha.

Nikabana pua.

"Ngoja nijaribu! Aa, hapana. Humu simu itaingia, mimi sitaingia. Mimi napumua."

Bosi akabonyeza kitufe upande wa pili wa kioo, akasema picha haiendani na hayo.

"Basi ibadilisheni," nikamwambia.

Mkaguzi alikuwa kando ya mchoraji, anamwonyesha kwa kidole pa kufuta. Na kaka wa watu alikuwa ameshaanza kufuta.

Mzazi mwenzangu, sikwambii uzime katuni. Zimemfundisha mwanangu kujaribu, tena kwa akili kuliko nilivyodhani. Ila mtoto aliyefundishwa kujaribu haishii pale ulipompigia makofi. Kaa naye mtazame, halafu muulize: baada ya hapo utafanya nini?

Muulize mapema. Mimi jibu nilikutana nalo jikoni.