Niliweka Maneno ya Marehemu kwenye Akaunti ya Mchumba Wangu

Kosa ni langu. Nalisema hapa hapa mwanzoni ili mtu asihangaike njiani kutafuta wa kumlaumu. Si la mtandao, si la umeme wa Bukavu, si la yule aliyekuwa mchumba wangu, ingawa kwa muda mrefu niliwabebesha wote hao.

Ndugu yangu unayesoma, habari hii nzima sijawahi kumweleza mtu. Bosi wangu anajua nusu. Padri anajua kidogo tu, maana kwenye kitubio nilisema "nimedanganya," akanipa sala, nikatoka. Wewe ndiye wa kwanza kuisikia yote.

Nafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya picha na video. Tunapiga harusi, ubatizo, mahafali, na siku hizi matanga kwa wingi, kwa sababu watoto wa watu wako Ulaya na Canada nao wanataka kuona wazazi wao wakizikwa. Bosi wetu, Papa Déo, ni fundi wa kamera wa tangu zamani, lakini kompyuta anaiangalia kama mbwa wa jirani. Mambo ya kompyuta yote ni yangu.

Siku moja diski yetu ilianguka ikafa na harusi za watu ndani yake. Papa Déo akaniita.

"Mama, banasema kuko pahali ku internet pa kuweka bitu, bisipotee. Linganisha zote, uniambie tuchukue gani."

Nililinganisha, na hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza.

Kulikuwa na huduma ya makampuni, ile unayolipia kila mfanyakazi. Akaunti inakuwa ya kampuni yenyewe, mfanyakazi akiondoka faili zinabaki, na mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya unaweza kukirudisha hata baada ya siku nyingi. Bei yake iliniudhi. Kulikuwa pia na kununua kisanduku cha diski tukakiweka ofisini, kila faili ikakaa mara mbili. Nikasema kwa umeme huu wetu kitaungua kabla ya Pasaka. Mimi nilikuwa nimeshaipenda nyingine: akaunti ya mtu binafsi, nafasi kubwa, bei ndogo, na mteja unamtumia kiungo tu kwenye simu, anafungua na kutazama.

Nikachora jedwali zuri lenye rangi. Nafasi, bei, kasi ya kupandisha video. Papa Déo akaitikia kwa kichwa, akanisifu mbele ya wenzangu. Sikuandika popote akaunti itakuwa ya nani, wala malipo yakikatika faili zitaenda wapi. Sikuficha. Sikuwaza tu.

Sasa, huduma hizo zote zinataka kadi ya benki ya kimataifa. Nani hapa kwetu ana hiyo kadi? Sisi tunalipa kwa simu. Mnajua tunavyofanya: kila mtu ana shemeji au binamu wa Ulaya, anamwomba alipe kwa kadi yake. Mimi nilikuwa na mchumba Ubelgiji. Alifungua akaunti kwa jina lake, kwa anwani yake ya barua pepe, kwa kadi yake, akanipa neno la siri. Tulikuwa tunamrudishia hela kila mwezi.

Papa Déo nilimwambia ni akaunti ya kampuni. Nilipenda aone kwamba nina uwezo wa kuyapanga mambo makubwa.

Basi siku moja akaja ofisini mama mmoja kutoka Nyantende, Maman Nsimire. Mume wake alikuwa mgonjwa sana, hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, na mzee mwenyewe alikuwa amejua kwamba anakwenda. Alitaka apigwe video akiwa bado na nguvu za kusema.

Tulikwenda mimi na Papa Déo. Tulimkuta mzee ameketi uani kwenye kiti, amefunikwa blanketi hadi kifuani. Kaka zake wawili walikuwa wamekaa upande mmoja, na katekista wa kijiji upande mwingine kama shahidi. Mzee huyo alikuwa na mabinti tu. Ndoa yake na Maman Nsimire ilikuwa ya kimila, haikuwahi kuandikwa commune, ofisini kwa serikali. Alijua fika nini kinaweza kumpata mkewe akishaondoka.

Nilishika kamera mimi mwenyewe. Alinyanyua mkono, akasema polepole:

"Minasema mbele ya bandugu yangu. Nyumba na shamba binabakia kwa maman na batoto. Mutu asibafukuze. Mimi papa yabo njo nimesema, nikiwa na akili yangu yote."

Kaka zake waliitikia. Mkubwa alisema hata "amina."

Tulipomaliza, mzee aliniita karibu. "Mutoto yangu, mutanipatia ka flash?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa upole wa mtu anayejua. Nikamwambia, "Papa, flash inapotea, inaibiwa. Sisi tunaweka bitu kule juu, mu cloud. Hata nyumba iungue, maneno yako iko."

"Basi ni muzuri," akasema. "Kule mukono ya mutu haifike."

Jioni hiyo video ilipanda yote kwenye akaunti, ikabaki huko tu, maana simu ndogo ya Maman Nsimire haikuweza kufungua kiungo. Kesho yake nilifuta kadi ya kamera, kwa sababu kadi zetu ni chache na harusi ya Jumamosi ilikuwa inangoja. Mzee hakumaliza wiki mbili.

Hazikupita siku nyingi, mchumba wangu naye akanipigia kunieleza kwamba amepata mwanamke mwingine huko. Alisema taratibu, kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Nikamzuia kwenye simu, nikamzuia kila mahali. Alipopiga kwa namba nyingine nikasikia sauti yake, nikakata. Tukaacha hata kumtumia zile hela za kila mwezi. Papa Déo nilimwambia tumeshalipa mwaka mzima.

Dada yake anakaa hapa hapa Bukavu. Alikuja hadi mlangoni kwetu, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, kaka anakutafuta. Anasema ni kitu ya lazima, ya kazi yako."

"Mwambie kazi yangu haimuhusu," nikajibu, nikafunga mlango naye bado amesimama.

Nilijisikia vizuri siku ile. Nakwambia ukweli, nilijisikia mwanamke kamili.

Video mpya nilikuwa naziacha kwenye kompyuta, nikisema nitazipandisha mtandao ukiwa mzuri. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona jina lake kila nikifungua ile akaunti. Nilikuja kuifungua pale Maman Nsimire aliponipigia. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa imekaribia, familia yote ingekusanyika Nyantende, na wale kaka wa marehemu walikuwa wameanza kusema kwamba ndugu yao aliwaachia wao shamba. Aliomba tulete mashine ya kuonyesha ukutani, watu wote wamsikie mzee mwenyewe.

Neno la siri lilikataa. Nikajaribu tena. Likaja andiko kwamba akaunti hiyo haipo.

Nilimwondolea yule mwanaume kizuizi kwenye simu, nikampigia. Hakunitukana. Alisema alibadilisha benki, ile kadi ikafa, na hakutaka kuendelea kulipia vitu vya kampuni ambayo haimjibu. Huduma ilimpa muda wa kutoa faili. Aliniandikia mara nyingi. Alimtuma dada yake. Niliwaandikia wenye huduma pia. Wakajibu kwamba wanaongea na mwenye akaunti tu. Akaandika yeye. Wakamjibu kwamba hakuna kilichobaki.

Kwenye simu yangu kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Ile programu ilihifadhi kapicha kadogo ka kila video. Mzee yupo, blanketi kifuani, mkono juu, mdomo umefunguka nusu. Ukikagusa, kaduara kanazunguka, kanazunguka, halafu hakuna.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hadi hapo ningeweza kusamehewa.

Nilisingizia mtandao, nikamwambia Maman Nsimire, "Rezo ni mubaya, maman. Video ni nzito, haishuke."

"Hakuna shida, mama. Tutangoja."

Alipiga tena baada ya siku chache. Katekista alikuwa anataka kwenda Shabunda, kwa mtoto wake anayechimba dhahabu, ndani kabisa ambako simu haifiki. Maman Nsimire akaniuliza, "Nimuzuie? Yeye pia alisikia."

Ningesema "muzuie." Neno moja tu. Lakini kumzuia katekista kulikuwa ni kukiri kwamba video haipo, naye angeuliza kwa nini, na Papa Déo angeuliza kwa nini, na jedwali langu lote la rangi lingegeuka aibu.

Nikasema, "Mumuache aende, maman. Video itatosha."

Akaenda.

Siku yenyewe nilifika Nyantende na mashine ya kuonyesha na jenereta, kama mtu anayekuja kufanya kazi. Walikuwa wamefunga shuka jeupe ukutani, limepigwa pasi. Mabinti watatu wamekaa mbele wamevaa sare. Nikaunganisha simu na mashine, sijui nilikuwa natarajia nini. Yule mzee akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, mkono juu, mdomo nusu wazi, na lile duara linazunguka usoni pake.

Wanawake wakaanza kulia. Binti mdogo akasema, "Papa." Halafu wote wakanyamaza wakingoja aseme.

Wakangoja. Jenereta ilikuwa inanguruma, lile duara linazunguka. Nilimsikia kichwani mwangu neno kwa neno, nyumba na shamba binabakia kwa maman, na ningeweza kusimama pale na kuyasema kwa niaba yake. Papa Déo naye alikuwa ameyasikia, lakini alikuwa ananiangalia mimi, anaamini kabisa kwamba video inakuja.

Kaka mkubwa wa marehemu akasimama. Hakupandisha sauti.

"Batu banaona. Mwenyewe amenyamaza. Sasa tusikilize bazima."

Maman Nsimire aligeuka kuniangalia. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Ni rezo, maman."

Mpaka mvua inaanza, Maman Nsimire na mabinti zake walikuwa wameshaondoka katika nyumba ile. Wakili aliwaambia bila video na bila katekista, maana sisi wa kamera tulikuwa watu wa kulipwa tu, na ndoa haiko commune, njia ni ndefu na nyembamba. Sasa wanakaa chumba kimoja cha kupanga huku Cimpunda. Yeye anauza mboga, mboga za kununua kwa watu, mwanamke aliyekuwa na shamba lake. Binti mkubwa ameacha masomo.

Papa Déo nilimwambia kwamba yule mwanaume alifuta kwa wivu. Aliniamini, akanihurumia, akaniachia mimi kumweleza Maman Nsimire, akanipa siku za kupumzika. Baadaye tukanunua ile huduma ya makampuni, ile ya bei iliyoniudhi, na kadi tukaipata benki ya hapa hapa mjini baada ya kwenda mara chache kuuliza. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Siku hizi siwezi kumpiga mtu video anapoanza kusema. Namwachia mwenzangu kamera. Mtu akinyanyua mkono na kufungua mdomo, namwona yule mzee, na nangoja lile duara lianze kuzunguka usoni pa mtu aliye hai mbele yangu. Hata kanisani, padri akinyanyua mkono kubariki, nainamisha macho. Kale kapicha sijakafuta. Nimejaribu, kidole kinakataa.

Wewe mwenye biashara, au wewe unayemwekea mwenye biashara vitu vyake: usiulize kwanza nafasi ni kubwa kiasi gani. Uliza akaunti ni ya nani kwa jina, na kadi ni ya nani. Uliza huyo mtu mkigombana itakuwaje. Uliza ukikosa kulipa wanakupa muda gani. Toa faili moja mara kwa mara, uione inafunguka. Na mteja akikuomba ka flash, mpe ka flash, usimcheke. Hayo yote yanarekebishika na ni rahisi. Lakini kitu kikishapotea mkononi mwako, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, akiwa bado na muda wa kutafuta njia nyingine. Mimi sikupoteza shamba la yule mama siku akaunti ilipofungwa. Nililipoteza kwenye simu, nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti changu, niliposema video itatosha.

Maman Nsimire bado ananipigia. Hanilaumu hata kidogo, ndiyo maana siwezi kuacha kupokea. Jumapili iliyopita alipiga akiwa na furaha, nikasikia mabinti wanacheka nyuma yake.

"Mama, nimeuza kambuzi ketu, nimenunua telefone ya memware kubwa, inaweka bitu mingi. Rezo ikirudia, video ya papa ikuwe na pahali pa kukaa."

Nikamwambia, "Ni muzuri, maman."