Matofali Yangu na Mlango wa Padri

Masomo ya biashara ya Kasongo, ndivyo tulivyoiita shule ile, nilianza kuyachukia kabla rangi ya milango haijakauka. Wengine wanaieleza historia yake kwa kumsifu Padri aliyeyaanzisha, au makarani waliotoka humo na suruali zilizopigwa pasi. Mimi naieleza kwa matofali, kwa sababu niliyafyatua.

Padri alitangaza mtaani kwetu, mtaa wa Waislamu, kwamba mtoto atakayesaidia kujenga atapata nafasi ya kusoma. Baba yangu, fundi cherehani, alifurahi kupita kiasi. Wakati wa Wabelgiji karani alikaa kivulini huku wenzake wakilima pamba kwa amri, na Baba alinitakia kivuli hicho. Basi nikakanyaga udongo mpaka miguu ikapasuka. Tofali likiwa bado bichi, kila mtoto alilitia alama yake, ili msimamizi ajue nani amefanya kazi na nani amecheza. Yangu ilikuwa vidole viwili, nimevididimiza pembeni.

Siku ya kufungua, Baba alinishonea kanzu mpya. Padri alisimama mlangoni, akaniangalia kuanzia kofia hadi miguu.

"Weye uko na batiza?"

"Hapana, Padri. Lakini nilifanya matofali."

"Hii masomo iko ya watoto wa kanisa. Wende. Ukishabatizwa, urudi."

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari juu ya kizingiti. Aliusukuma kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anavyomtoa kuku jikoni. Baba alikuwa nyuma yangu, akaona kila kitu. Akanishika mkono. Tulirudi nyumbani, naye hakunishonea kanzu nyingine mpaka alipokufa. Hilo ndilo sikumsamehe Padri, na simsamehe.

Biashara niliisomea njiani. Mjomba wangu wa Kabambare alinichukua, nikabeba chumvi hadi Wamaza na kurudi na mchele, mpaka nikawa na duka langu sokoni Kasongo. Masomo ya Padri nayo yalikua. Chumba kimoja kikawa vinne, mabati yakachukua nafasi ya nyasi, zikaja mashine za kuandika ambazo kelele zake nilizisikia nikipita. Nilikuwa naongeza hatua.

Kisha ukaongezwa mwaka wa mwisho, na sheria yake mpya: hakuna diploma bila staji, yaani kijana afanye kazi dukani kwanza, na mwenye duka aweke sahihi. Maduka ya Wazungu hayakutaka wanafunzi miguuni. Yaliyobaki yalikuwa yetu.

Padri akaja kwa baiskeli, amezeeka. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikamwacha awaombee wanafunzi wake nafasi mpaka mwisho.

"Nafasi iko, Padri," nikamwambia. "Lakini hii duka iko ya Waislamu. Wakishasilimu, warudi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Uso wake ukabadilika, nikajua amenikumbuka, au angalau ameikumbuka sentensi yake. Aliondoka bila kumaliza chai. Jioni ile niliwazungukia wenzangu wa sokoni, ambao karibu wote walifukuzwa kwenye mlango uleule, wakakubali kujibu kama nilivyojibu. Vijana wa mwaka wa mwisho wakabaki wanazurura. Nilikula vizuri wiki zile, nililala vizuri. Raha ya kisasi naijua, na anayesema ni chungu hajaionja.

Alhamisi moja akaingia kijana wa mwaka ule, mtoto wa wakulima wa pembeni mwa mji. Alivaa kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini, na chini yake miguu mikavu iliyopasuka.

"Papa, niko tayari. Kesho tutaenda wote ku musikiti. Mama yangu alilima miaka yote juu ya hii diploma."

Ulikuwa uso wangu ule. Hasira ilinipanda, na sikujua ni ya nani.

"Vua hiyo kanzu!" nikapiga kelele. "Hapa hatuuzishe dini!"

Alianza kulia, akidhani namfukuza. Nikamtupia fagio. "Anzia kule ku mifuko ya chumvi." Kesho yake wenzake walikuja, nikawagawa sokoni kote, wakafanya kazi mpaka staji ikaisha. Wao sikuwa na deni nao.

Na Padri? Siku ya diploma aliniita nikaweke sahihi. Nilivaa kanzu nyeupe, nikaenda, nikasimama nje ya kizingiti.

"Ingia, Bwana," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita Bwana.

"Hapana, Padri. Utoke weye."

Wazazi walikuwa wamekaa mle ndani, wote wananyoosha shingo. Alisubiri nilainike. Sikulainika. Akatoka na karatasi zake, meza ikaletwa juani, na chupa ya wino juu ya kisahani, akanipa kalamu. Kuandika nilijua vizuri sana. Nikaiweka kalamu pembeni, nikamimina wino kwenye kisahani, nikachovya vidole viwili, nikagonga diploma ya kwanza, chini kabisa ya jina la Padri.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Sahihi yangu, Padri. Iko ku ukuta wako tangu zamani. Wende uiangalie."

Nikagonga ya pili.