Supu ya Namba Tisa

Sikumpenda yule mzee, na sitajifanya nilimpenda eti kwa sababu siku zimepita. Nilimchukia tangu asubuhi ya kwanza nilipotoka steshenini Wheaton, huku Maryland, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikafungua mlango kwa ufunguo niliopewa na binti yake, aliyeniajiri nimtunze, na kumwamkia kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Hakuitika. Alikuwa kitini karibu na dirisha, blanketi magotini, wala hakugeuka.

"Wewe ni tisa," akasema. "Nikiita tisa, unajibu. Usipojibu, sili."

Nikamwambia mimi nina jina. Akasema jina si kitu anachotaka.

Ukutani palikuwa na picha ya meli ya matanga yenye milingoti mitatu, isiyo na injini. Ujanani alifanya kazi humo. Ilitoka pwani ya magharibi ya nchi hii kwenda bahari ya Alaska kuvua samaki, tumbo limejaa chumvi, na hairudi nyumbani mpaka chumvi yote iwe imeingia kwenye samaki. Mkewe alipofariki, binti alimhamishia huku Maryland, ambako maji makubwa aliyoyaona ni ya bafuni. Kwa kosa hilo alituadhibu sote.

Binti naye hakunificha kitu. Baba anakonda, alisema, na akiendelea kukataa chakula atamtia kwenye nyumba ya wazee. Mimi kazi ingekwisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo kila sahani iliyorudi jikoni imejaa ilikuwa inanifukuza.

Hata hivyo sikumjibu. Namba ni za wafungwa na za ng'ombe wa mnadani. Yeye aliita, "Tisa!" nami nikasugua sufuria kwa hasira, na supu ikapoa mezani. Nilimpigia rafiki yangu wa kanisani, muuguzi aliyekaa Germantown, nikitaka anihurumie.

"Wewe nawe! Si umjibu tu?" akafoka. "Unabishana na mgonjwa juu ya namba? Wakiku-fire utalala wapi, kwa mall?"

Nikamkatia simu. Siku hizo nilikuwa nawakatia watu simu sana.

Kisha ukaja ukungu. Ulishuka asubuhi hadi nyumba ya jirani ikapotea. Nikiwa nakoroga supu nikasikia kelele sebuleni, nikakimbia. Mzee alikuwa amesimama dirishani akigonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, akiita moja, mbili, tatu. Nikampokonya kifuniko. Akanitazama kwa chuki ambayo naapa ilikuwa sawasawa na yangu.

"Kengele hainyamazishwi kabla watu hawajarudi," akasema.

Ndipo akanieleza, kwa ukali, kama mtu anayemfundisha mpumbavu. Kila mvuvi alishushwa majini peke yake, katika mashua ndogo iliyoandikwa namba. Ukungu ukianguka, waliobaki melini waligonga kengele na kuita namba moja moja, na kila mtu alijibu kutoka hukohuko asikoonekana. Mpishi hakupakua supu mpaka wote wajibu.

"Tisa hakujibu," akasema. "Tuliita mpaka sauti zikakauka. Nahodha akasema inatosha, kuleni."

"Mkala?"

"Tukala."

Akaketi. Alidhani nitakasirika kwamba amenipa namba ya marehemu. Hakujua anazungumza na nani. Kwetu milimani mtoto hupewa jina la aliyetangulia, wala haulizwi kama analitaka. Mimi mwenyewe naitwa jina la nyanya yangu, mama wa baba, na nimekuwa nikiitika kwa niaba yake tangu nizaliwe. Mtu huyu alikuwa amenipa jina, tena kwa utaratibu ninaoujua. Nikarudi jikoni, na alipoita nikajibu kwa sauti ya kuvuka mto, "Tisa yupo!" Akala mpaka akapangusa bakuli kwa mkate.

Msidhani tulipatana. Aliendelea kusema supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo, nami nikamwambia miguu yake inanuka. Lakini aliita, nikajibu, akala, na mashavu yakaanza kujaa. Nilikuwa nashinda.

Jumapili moja binti akaja. Akasikia mwito, akanisikia nikijibu, akanifuata jikoni uso umemwiva.

"Ni wewe unayemlisha wazimu huu," akasema. "Ukimjibu tena, huna kazi."

Nikamweleza habari ya mashua na ukungu. Akasema hadithi za baba yake alizichoka utotoni. Mzee akaita tena. Binti akaweka kidole mdomoni, akanishika mkono. Mzee akaita mara ya tatu, sauti ikipasuka, kisha tukasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Alikuwa anatoka na soksi kwenye theluji, kumtafuta mtu.

Nikajing'oa mikononi mwa yule mwanamke nikapiga kelele, "Tisa yupo! Tisa yupo!"

Mlango ukafungwa. Tukamsikia mzee akiketi na kuagiza supu yake. Nikampakulia kabla sijavaa koti, kwa sababu kufukuzwa nilikuwa nimeshafukuzwa. Juma lililofuata mzee akapelekwa nyumba ya wazee.

Sikutarajia kuisikia tena sauti ya binti yule. Akanipigia mwishoni mwa majira ya baridi, mnyenyekevu kama si yeye. Baba hagusi chakula, alisema. Anaita tisa kutwa.

"Mjibu kwamba yupo," nikasema.

"Nimejibu. Anasema mimi si tisa." Nikasikia anavuta kamasi. "Tafadhali, wewe alikueleza mambo yote. Mimi ni nani katika ile meli?"

Ningeweza kumwonea huruma. Sikuwa nayo.

"Wewe ni yule nahodha," nikamwambia, nikakata simu.